Shajara ya mradi: kuinua usukani wa Electra Glide

Vipimo vya mwili kwanza

Pikipiki ni Harley-Davidson Electra Glide Classic ya mwaka 2011, yenye ABS (mfumo unaozuia gurudumu kufunga ukibana breki). Nautaja mwaka kwa sababu kwenye kazi hii mwaka ndio unaoamua ununue nini. Tangu 2008 pikipiki za safari za kampuni hii hazina waya wa mafuta (ule unaovutwa na mpini wa kulia kuongeza kasi ya injini). Mkono wa kulia unazungusha kihisi kilichofichwa ndani ya ncha ya usukani, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe hewa kiasi gani. Klachi ya hii yangu bado ni ya waya. Mwenye ya 2014 na kuendelea anaweza kukuta klachi ya mafuta (ya haidroliki, isiyo na waya), na sehemu nzima ya giaboksi hapa chini haitamhusu.

Mradi umeanzia kwenye vidole. Safari ikirefuka, kidole kidogo na kile cha pete vinaingia ganzi, vya mkono wa kushoto kabla ya vya kulia. Kuna neva inayopita kiganjani upande huo, nayo hubanwa mtu akiegemea mpini wakati kiwiko cha mkono kimenyooka na kiganja kimepinda kwenda nje. Glavu zenye sponji zilisaidia kidogo. Mipini minene ilisaidia kidogo zaidi. Dawa yenyewe ni kuacha kuegemea, na huwezi kuacha kuegemea kitu kilicho mbali nawe.

Kwa hiyo sikuanza na picha za usukani. Nilikaa kwenye siti, miguu mahali pake, mgongo nilivyouzoea baada ya mwendo mrefu (sio ule mgongo wa kupigia picha), nikafumba macho na kunyoosha mikono hadi ikatulia yenyewe hewani. Mtu akapima kutoka hapo hadi kwenye mipini ya sasa. Jibu: sentimita 9 juu, 5 nyuma. Hizo 5 ndizo zilizonishangaza. Nilidhani shida ni urefu, kumbe sehemu kubwa ya shida ni umbali.

Kipimo cha pili watu hukiruka. Ukikata kona usukani ukafika mwisho, mpini wa nje unakukimbia na wa ndani unakujia tumboni. Usukani unaovutwa nyuma sana ni raha kwenye barabara iliyonyooka na balaa ukigeuza pikipiki ya kilo zaidi ya 350 kwenye maegesho. Nikachukua bomba jepesi la plastiki, nikalifunga kwa kamba juu ya usukani wa zamani kwa urefu niliotaka, nikageuza kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mkono wa nje ulifika bila bega kunyanyuka kutoka mahali pake. Basi.

Tena mikono inabaki chini ya bega. Sehemu nyingi sheria hupima hivyo hivyo, mkono dhidi ya bega, kwa hiyo asiyetaka mazungumzo marefu na askari wa barabarani aanze na mwili wake na kanuni za anakoishi kabla ya kufungua pochi.

Kuchagua bomba

Wauzaji hawapimi kwa namna moja. Mmoja anahesabu urefu kutoka chini ya bomba pale linapokaa kwenye klampu hadi katikati ya ncha. Mwingine anapima hadi sehemu ya juu kabisa ya mkunjo. Usukani wa "inchi 12" wa huyu unaweza kuwa mfupi kuliko wa inchi hizohizo wa yule. Nimeomba mchoro wenye vipimo vyote vinne: urefu, upana wa ncha kwa ncha, upana wa kitako, na kiasi cha kurudi nyuma. Asiye na mchoro nimemwacha.

Unene: mipini, swichi na klampu za hii zinataka bomba la milimita 25.4, yaani inchi moja. Pikipiki nyingi nyingine hutumia 22, na kuna zile za klampu pana za 28.6, hivyo usidhani usukani ni usukani tu. Siku hizi wengi wanapenda bomba la milimita 31.8 linalopungua hadi 25.4 kwenye klampu na kwenye mipini. Ni zuri kwa macho na lina nafasi zaidi ya nyaya ndani, ila likipita kwenye matundu ya kava la mbele (ganda linalokinga upepo na kubeba taa na mita) huenda ukalazimika kulikata kava. Sikati kava. Nimechukua la 25.4 mwanzo hadi mwisho.

Mambo mawili nimeyakagua kabla ya kulipia. La kwanza, ncha ya kulia iwe na mikato ya kushikilia kihisi cha mafuta. Bila mikato hiyo kihisi kizima kinazunguka pamoja na mpini, na pikipiki haijui umezungusha kiasi gani. La pili, sehemu ya katikati iwe na mikwaruzo ya msumeno inayoingia kwenye klampu. Bomba laini katikati huteleza, na usukani mrefu una nguvu zaidi ya kujitelezesha.

Hili la nguvu lina hesabu yake. Kama mpini uko sentimita 20 kutoka kwenye klampu na unaupeleka hadi 30, kila unapousukuma au kuuvuta klampu inabeba mara moja na nusu ya ilichokuwa ikibeba kwa nguvu ileile ya mkono. Klampu ya usukani ya pikipiki hii imesimama juu ya bushi za mpira ili kuzuia mtetemo, na bushi zilizochoka zitaonyesha uchovu wao hapo. Nimeagiza za polyurethane, ngumu zaidi. Mtetemo kidogo utaongezeka mikononi, naukubali.

Usukani na bushi hizo ndivyo nilivyoagiza. Waya wa klachi na mpira wa breki (bomba laini la kupitisha mafuta ya breki) bado.

Jumamosi: kuvua

Betri imekatwa kwanza, upande wa hasi. Tangi limefunikwa blanketi nene lililokunjwa mara mbili, madigadi ya mbele vivyo hivyo. Ndoo ya maji na kitambaa vipo karibu, kwa sababu mafuta ya breki ya DOT 4 hula rangi, na likidondoka tone unaosha palepale kwa maji mengi, hufuti tu.

Kava la mbele la aina hii limeshikwa na shokapu za mbele na linageuka pamoja na usukani. Kioo kinatoka, ganda la nje linatoka, plagi ya taa inachomolewa, na hapo unakutana na yaliyomo: redio, spika, mita, na msitu wa nyaya. Piga picha kila hatua. Sio picha moja ya jumla. Picha ya kila plagi, kila kibano, waya gani unapita mbele ya upi. Simu yangu imejaa picha ambazo hakuna mtu mwingine angeweza kuzitazama bila kusinzia.

Nimetoa swichi, nikaacha silinda kuu ya breki (pampu ndogo yenye chombo cha mafuta, kwenye lever ya kulia) ikiwa imesimama wima, imefungwa kwenye kitambaa, mfuniko juu. Klampu ya juu ikafunguliwa, usukani wa zamani ukatoka.

Jumapili: kamba

Wanaouza seti kamili hukuambia: usukani wa urefu huu, chukua waya wenye nyongeza hii. Mara nyingi ni sawa. Ila nyongeza hiyo imekadiriwa kwa njia waliyoifikiria wao, na wewe unaweza kuupitisha mpira kwingine. Mimi nimefunga usukani mpya kwa muda, swichi na lever zikiwa juu yake, nikakaa kwenye siti na kutafuta pembe.

Pembe ina kanuni moja rahisi: ukiutazama kwa ubavu, sehemu inayopanda iwe karibu sambamba na shokapu za mbele. Ukiuegemeza nyuma sana, viganja vinapinda chini. Ukiusukuma mbele, umerudi kwenye kuegemea. Kutoka kwenye usambamba huo nimeurudisha nyuma kidogo tu mpaka viganja vikanyooka na mkono wa mbele. Nikauwekea alama ya rangi pale bomba linapokutana na klampu.

Halafu kamba ya pamba isiyonyumbuka. Ncha moja kwenye bandari (tundu la kutokea mafuta) ya silinda kuu, nyingine kwenye kiungo cha chini, kamba ikapita njia ileile itakayopita mpira. Rafiki yangu ambaye ni fundi alikuwa ameshika ncha ya chini. Nilipotaka kuweka alama usukani ukiwa umenyooka alinizuia.

"Kaka, geuza mpaka mwisho kwanza."

Nikageuza kulia, kamba ikalegea. Nikageuza kushoto, ikavutika kiasi cha kuinua ncha yake. Kipimo ni hicho cha pale inapovutika zaidi, na juu yake unaongeza kipande cha kupumua, kwa sababu shokapu nazo zinajikunja na kurefuka. Ila usiongeze ovyo. Mpira mrefu kupita kiasi unatafuta pa kujikunja, nao hupenda kujikunja kwenye taa, kwenye kava, au kwenye pembe ya chuma inayousugua taratibu hadi utoboke. Waya wa klachi mrefu kupita kiasi una mikunjo zaidi, na kila mkunjo ni msuguano unaoulipa kwa vidole.

Vipimo vimeandikwa, oda imetumwa. Mpira wa breki nimechukua uliosukwa kwa nyuzi za chuma cha pua na kufunikwa plastiki, kwa kuwa nyuzi zikiwa uchi hukata rangi kama msasa.

Katikati ya wiki: nyaya

Hapa ndipo muda ulipokwenda.

Electra Glide ina nyaya nyingi kuliko unavyodhani ukitazama swichi kwa nje. Indiketa kila upande, honi, taa, kuwasha, kuzima, redio, kruzi (ya kushikilia mwendo), swichi za lever za breki na klachi. Na kihisi cha mafuta peke yake kina nyaya 6, kwa sababu ni vihisi viwili ndani ya kimoja: kila kimoja na umeme wake, ardhi yake na ishara yake. Kompyuta inazilinganisha ishara hizo mbili muda wote. Zikipishana, inapunguza nguvu ya injini na kuwasha taa ya onyo. Ni ulinzi mzuri sana, ila maana yake ni kwamba kiungo kibovu kwenye waya mmoja kati ya hiyo 6 kinaweza kukuacha ukitambaa pembeni mwa barabara.

Kwa sababu hiyo kihisi sikukikata. Kipo kipande cha kurefusha chenye plagi pande zote mbili, unachomeka na kuendelea. Nyaya za swichi ndizo nilizozikata na kuzirefusha mwenyewe.

Utaratibu niliofuata: sikati zote kwa pamoja. Nakata mmoja, naurefusha kwa waya wa unene uleule, na nikiweza, wa rangi ileile. Namaliza, kisha nakwenda kwa unaofuata. Ukikata kifungu kizima ukabaki na ncha za kahawia mbili zinazofanana, hapo hakuna picha itakayokuokoa. Kila kiungo kimelehemiwa kwa risasi na kuvikwa mpira unaojibana kwa joto wenye gundi ndani. Mpira huo uvishe kwenye waya kabla ya kulehemu. Fundi yeyote wa umeme atakuambia, na bado mafundi wa umeme ndio wanaousahau.

Viungo havikai mahali pamoja. Kimoja hapa, cha pili sentimita 3 mbele, cha tatu mbele zaidi. Vikilundikana vinatengeneza kifundo kisichopita ndani ya bomba, na hata kikipita kinakaa kigumu mahali ambapo waya unatakiwa kupinda. Afadhali zaidi viungo vyote viwe ndani ya kava, si ndani ya bomba. Ndani ya bomba waya upite mzima. Nilifanikiwa kwa upande wa kushoto wote. Kulia viungo viwili vimeingia kidogo mdomoni mwa bomba, nikaviongezea mpira wa pili.

Kuzipitisha ndani sasa. Kwanza matundu: nimepitisha kidole kwenye kila tundu la usukani mpya na kukuta ukingo mkali kwenye mawili. Faili ya duara, kisha msasa, kisha kipande cha mpira kwenye ukingo. Ukiacha ukingo mkali unajitengenezea shoti ya siku ya mvua, ile ambayo honi inalia ukikata kona ya kushoto na hakuna anayekuelewa ukieleza.

Plagi ni kubwa kuliko bomba, kwa hiyo pini zinatolewa kwenye plagi kwa kijichuma chembamba, baada ya kuchora kwenye karatasi pini gani inakaa wapi. Ncha zikafungwa kwa ngazi, si zote sawia, zikavikwa utepe laini hadi zikawa na ncha nyembamba. Uzi wa kuvutia nyaya ulipitishwa kwanza: nilifunga kipande cha sponji kwenye ncha ya uzi, nikakiweka kwenye tundu la mpini, nikavuta kwa mashine ya kufyonza vumbi kutoka tundu la katikati. Sponji ilipita mikunjo yote bila kusita. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta nyaya, sabuni ya maji ikasaidia. Hapa ni lazima watu wawili, mmoja anavuta na mwingine analisha. Anayevuta asitumie nguvu. Ukihisi kukwama, rudisha nyuma, zungusha kidogo, jaribu tena. Waya uliovutwa kwa hasira hukatika ndani, ganda likibaki zima.

Kabla ya kurudisha hata skrubu moja ya kava nimeunganisha betri na kujaribu kila kitufe, usukani ukiwa kushoto kabisa, katikati, na kulia kabisa. Kwenye pikipiki hizi ukishikilia kitufe cha mita ya kilomita huku ukiwasha swichi, mita inakusomea misimbo ya hitilafu. Kulikuwa na ya zamani iliyotokana na kuchomolewa plagi. Nikaifuta, haikurudi.

Jumamosi: klachi

Ncha ya juu ya waya wa klachi ni kazi ndogo: pini, kibano chake, basi. Ncha ya chini ndiyo inayowafanya watu wakate tamaa, kwa sababu imeingia ndani ya giaboksi.

Mafuta ya giaboksi yamemwagwa, karibu lita moja, na kwa kuwa yanamwagwa basi yanabadilishwa. Bomba la eksozi limelegezwa na kusogezwa kwani liko njiani. Mfuniko wa upande wa kulia ukatoka. Ndani yake kuna utaratibu ambao mimi huupenda: sahani mbili zenye mabonde ya mteremko, na katikati yake gololi 3 za chuma. Waya ukivuta sahani moja inazunguka, gololi zinapanda mteremko, sahani zinaachana kwa milimita chache, na msukumo huo unapita kwenye ufito mrefu ndani ya giaboksi hadi upande wa pili kufungua klachi. Nguvu ya vidole inageuzwa kuwa nguvu ya kutosha kushinda springi bila tone la mafuta ya haidroliki.

Ringi ya kuzuia inatoka kwa koleo yake, sahani ya juu inatoka, ncha ya waya inachomolewa kwenye ndoano, na waya wenyewe unafunguliwa kwenye nyuzi za mfuniko. Wa kwangu ulikuwa umekaa kwa muda mrefu na ulihitaji joto kidogo. Kuingiza mpya ni kinyume chake, ringi ndogo ya mpira ikiwa mpya na gasketi ikiwa mpya. Gasketi ya zamani hata ikionekana nzima usiitazame mara mbili.

Marekebisho yana sehemu mbili, na mpangilio wake una maana. Kwanza legeza kabisa kirekebishi cha waya. Kisha, nyuma ya kifuniko cha duara upande wa kushoto, legeza nati, kaza skrubu ya katikati taratibu mpaka igote tu, irudishe nyuma nusu mzunguko hadi mmoja, funga nati. Ndipo urudi kwenye waya na kuacha mchezo (nafasi huru) wa milimita 1.6 hadi 3.2 kati ya ncha ya ganda la waya na kishikilio cha lever. Anayeanza na waya anaweza kupata lever inayoonekana sawa, kumbe klachi inateleza.

Lever mpya ni nzito kidogo kuliko ya awali. Nilitarajia. Nimelegeza kibano kimoja cha njiani, mkunjo ukafunguka, uzito ukapungua.

Jumapili: breki

Hii ndiyo sehemu ambayo asiye na uhakika nayo amwachie fundi, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Ninachobadilisha ni mpira wa juu, unaotoka silinda kuu kwenda kwenye mfumo wa ABS. Mipira ya chini hadi kwenye kalipa (vibanio vya diski za breki) haiguswi. Hatari yake ni hewa kuingia kwenye kizio cha ABS chenyewe: kina vali na vijia ambavyo hewa ikijificha humo, kupiga lever mpaka usiku wa manane hakuitoi. Inahitaji kifaa cha uchunguzi cha kuiamuru pampu na vali zifanye kazi. Kwa hiyo tangi limeinuliwa ili nifikie kiungo cha chini vizuri, na pale mpira wa zamani ulipotoka kizibo kiliingia papo hapo.

Washa za kukandamizwa ni mpya, mbili kwa kila bolti yenye tundu, moja kila upande wa kiungo. Washa hizi hulainika mara moja na kuchukua umbo la kilichozikandamiza. Ukizirudia zinavuja jasho. Mkazo nimefuata kitabu cha huduma cha mwaka huu wa pikipiki kwa spana ya kupimia, kwa sababu bolti yenye tundu ndani ni dhaifu kuliko inavyoonekana.

Mafuta ni DOT 4 kutoka chupa isiyowahi kufunguliwa. Yakiwa mapya kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishakunywa unyevu wa hewa kiwango kinashuka hadi 155. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana nimeacha ibaki rafuni. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hii kamwe, hata kama namba inaonekana kubwa na bora.

Nimetoa hewa kwenye kalipa moja, kisha ya pili, hadi povu likaisha. Lever ikawa bado laini. Usukani mrefu umebadilisha jiografia: sehemu ya juu kabisa ya mfumo sasa ni kile kiungo cha silinda kuu, na kwa pembe ya usukani wangu kilikuwa juu kidogo kuliko bandari yenyewe. Hewa hupanda. Haitashuka mita nzima kutokea kwenye kalipa kwa kukuonea huruma. Nikageuza usukani kushoto. Pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni, hapo chombo cha mafuta kinakaa sawa na bandari inashika nafasi nzuri zaidi. Kitambaa chini, lever imebanwa, bolti ya juu ikafunguliwa robo mzunguko na kufungwa kabla lever haijaachiwa. Ikatema kiputo kimoja kinene. Kisha lever ikafungwa kwa mpira dhidi ya mpini usiku kucha ili vijiputo vilivyobaki vipande kwenye chombo.

Asubuhi lever ilikuwa ngumu kama jiwe. Chini, viungo vikavu.

Kufunga

Klampu za aina hii zina upande wenye kijimwinuko cha chuma na upande wenye mwanya. Unaukaza ule wa kijimwinuko mpaka chuma kiguse chuma, kisha unakuja kwenye wa mwanya. Mwanya unabaki, hivyo ndivyo ulivyoundwa. Alama ya rangi imeangukia mahali pake.

Kabla ya kava kurudi, gurudumu la mbele limeinuliwa kwa jeki na usukani ukaachwa uanguke wenyewe kulia na kushoto. Ukianguka upande mmoja kwa wepesi na mwingine kwa uvivu, kuna waya au mpira unaouvuta. Wangu ulikuwa mvivu kulia: waya wa klachi ulipita mbele ya kifungu cha nyaya, nikauhamishia nyuma yake. Wenye pikipiki za waya wa mafuta wana jaribio jingine wasiloweza kuliruka: injini ikiwa inanguruma taratibu, geuza usukani mwisho kwa mwisho. Mlio ukipanda, waya ni mfupi au umebanwa, na siku moja utajipigia resi katikati ya kona.

Kava limerudi. Zilibaki skrubu sifuri, jambo ambalo limenipa mashaka kuliko kama ingebaki moja.

Barabarani

Nimeanza na uwanja mtupu. Breki ya mbele kwa mwendo wa kutembea, kisha 30, kisha 50 na kubana hadi ABS ijibu. Duara za polepole kushoto na kulia. Mpini wa nje unafika, wa ndani haugusi tangi wala goti.

Kwa mwendo wa polepole pikipiki imekuwa nyepesi, mkono una wenzo mrefu zaidi. Kwa mwendo wa kasi jambo limegeuka: mkono wa juu ukisukumwa na upepo nao unausukuma usukani. Mwanzoni nilihisi mtikisiko mdogo kichwani mwa pikipiki, nikadhani ni bearing za shingo. Nilipolegeza mikono ukaisha. Ulikuwa ni mimi ninayening'inia. Usukani mrefu haupendi kushikwa kwa nguvu, na uzito uliotoka kwenye viganja umehamia kiunoni, kwa hiyo misuli ya tumbo imepata kazi mpya.

Vidole: ganzi ya kulia haipo. Ya kushoto inakuja kwa mbali sana, baada ya masaa, nami nashuku uzito wa lever ya klachi. Viganja sasa viko juu ya kivuli cha kava, hivyo mvua inanipata mikononi kuliko zamani.

Baada ya kilomita 500

Nimerudia mkazo wa kila kilichoguswa. Klampu ya usukani imekubali kidogo sana, bolti za breki hazikusogea. Mchezo wa waya wa klachi umeongezeka kwa karibu milimita moja, waya mpya hunyooka, nimeurudisha. Giaboksi haina jasho kwenye gasketi.

Yaliyobaki: bushi za polyurethane zimechelewa kufika na zile za mpira zinacheza ukivuta usukani kwa nguvu ukiwa umesimama, kwa hiyo klampu itafunguliwa tena. Lever ya klachi nitaifungia kirahisishi cha wenzo nione kama kidole cha kushoto kitatulia. Na kioo cha mbele kirefu zaidi ya sasa nakipima kwa kadibodi kwanza.